Betri ya Droni Ikichemka, Shika Plagi Kwanza

Mtu akikuletea betri ya droni na kusema inachemka, usianze kumuuliza ni ya kampuni gani wala ina umri gani. Muulize inachemka wapi. Katikati ya mwili? Upande mmoja? Au pale nyaya zinapoingia kwenye ile plagi ya manjano? Wengi hawana jibu kwa sababu hawajawahi kuishika. Walisikia harufu, au waliona droni ikiishiwa nguvu hewani, wakakimbilia Luthuli Avenue kununua betri mpya. Kisha betri mpya inachomekwa kwenye plagi ileile iliyoungua, na haikai sana kabla nayo haijaanza kuchemka.

Mwongozo huu ni wa wanaorusha droni Nairobi, wawe wapiga picha za harusi wenye droni za kununua dukani au vijana wa FPV, wanaorusha kwa kutazama kamera ya droni kupitia miwani, wanaojiundia zao mezani. Sehemu kubwa inahusu betri za LiPo (lithiamu-polima) zenye nyaya na plagi ya XT60, ile ya manjano, maana huko ndiko mkono wa mtu una kazi nyingi. Betri za kubofya ndani ya droni nazo zina sehemu yao mbele.

Nairobi ni baridi, mbona betri inatua na joto?

Jiji liko juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Rafadha (propela) ikikosa hewa nzito ya kusukuma inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili droni ielee palepale, na hesabu yake inatoka kama asilimia 8 hadi 10 ya nguvu zaidi ya ile ambayo droni hiyohiyo ingetumia ufuoni Nyali. Nguvu hiyo yote inatoka kwenye betri na kupita kwenye plagi. Halafu hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo inayotegemewa kupoza mota na betri. Kwa hiyo dakika za kuruka zilizoandikwa kwenye boksi zipunguze, na usishangae betri ikitua na joto siku ambayo wewe mwenyewe umevaa jaketi.

Hatua ya 1: Tafuta joto lilipo

Droni ikitua, chomoa betri, na kabla dakika haijaisha gusa sehemu tatu: mwili wa betri, nyaya nene, na plagi zote mbili, ya betri na ya droni. Tanguliza nyuma ya kidole, si ncha.

Mwili wa betri ukiwa na digrii 40 hadi 50 baada ya safari ya nguvu ni jambo la kawaida. Ukikaribia 60 umevuka mpaka. Bila kipimo, jaribu kuishikilia huku ukihesabu hadi tano, ukishindwa, imezidi. Zile bunduki za kupimia homa tulizoelekezewa usoni kila mlango wa supamaketi wakati wa korona zinafaa kwa kazi hii, kwani nyingi zina kitufe cha kupimia vitu badala ya mwili wa mtu, na hapo huweza kusoma joto la juu zaidi. Ukiiacha kwenye mpango wa homa itakuandikia HI tu.

Sasa soma ulichoshika. Plagi ikiwa na joto kuliko betri, tatizo ni plagi au solda iliyoishikilia, na betri haina kosa. Waya mzima ukiwa moto kwa urefu wake wote, waya ni mwembamba au si shaba halisi. Betri ikiwa moto upande mmoja tu, kuna seli, moja ya vipande vinavyounda betri, imechoka. Betri nzima ikiwa moto sawasawa na plagi iko poa, unaidai kuliko inavyoweza kutoa: imezeeka, droni imebebeshwa kamera nzito, au namba ya C iliyoandikwa ubavuni, inayosema betri inaweza kutoa mkondo mara ngapi ya ujazo wake, ni ya kuuzia tu. Betri ya mAh 1500 yenye 100C ingetakiwa kutoa amperi 150 bila kuhema. Zinazoweza kweli ni chache.

Kuna sababu nyingine ambayo haionekani kwa kugusa, nayo ni kurusha hadi betri iishe kabisa. Seli inapokaribia kuisha, ukinzani wake wa ndani hupanda, na dakika ya mwisho ndiyo huzalisha joto kuliko zote zilizotangulia. Tua seli ikiwa karibu na volti 3.5. Ikishuka chini ya 3.0 umeshaiumiza.

Kwa nini plagi ndogo inaleta joto kubwa

Joto kwenye kiungo chochote cha umeme ni mkondo, kuzidisha mkondo tena, kuzidisha ukinzani. Mkondo umeingia mara mbili kwenye hesabu, na hapo ndipo droni inapotofautiana na redio. Droni ya FPV ya inchi 5 ikikanyagwa hufika amperi 60 bila shida. Tuseme plagi nzuri ina ukinzani wa nusu miliomu, yaani omu 0.0005: 60 kwa 60 kwa 0.0005 ni wati 1.8, kitu ambacho hutakihisi. Plagi hiyo ikilegea na kuungua hadi miliomu 5, wati zinakuwa 18. Hapo ni kama umefunga chuma kidogo cha kulehemia kwenye mkia wa betri yako na kukirusha nacho angani. Joto hilo husafiri kwenye shaba hadi ndani ya seli, na ndiyo maana betri nzima huonekana ndiyo mkosaji.

Namba 60 kwenye jina XT60 nayo imewapoteza wengi. AMASS, watengenezaji wake, wanaipa amperi 30 za kudumu, na 60 kwa vipindi vifupi. XT30, mdogo wake, ni 15 na 30. Mtu aliyeweka XT30 kwenye droni nzito ili kupunguza gramu asilaumu betri.

Hatua ya 2: Kagua plagi kwenye mwanga

Ipeleke dirishani. Pini dume la XT60 lina unene wa milimita 3.5 na limepasuliwa kwa urefu, ili vipande vyake viwe na unyumbufu na kubana ukuta wa jike. Tazama ile mipasuko. Ikiwa imezibana, pini limesinyaa na linagusa jike sehemu chache tu. Tazama rangi: dhahabu safi ni sawa, vidoa vyeusi kwenye ncha ni alama za cheche. Kisha geuza plagi utazame shina la pini, pale chuma kinapoingia kwenye nailoni. Duara la kahawia hapo, hata jembamba kama uzi, ni ushahidi kwamba plastiki imewahi kupikwa. Sukuma pini kwa kucha. Likicheza, nailoni ililainika na haitashika tena.

Wateja wengi huja na furaha hapa. "Fundi, hii yangu siku hizi imekuwa laini, haisumbui kuchomoa." Ndugu yangu, hiyo ndiyo shida yenyewe. XT60 nzima inachomolewa kwa kukunja uso. Ile inayotoka kwa vidole viwili ni ya kukatwa leo.

Kuna wanaochukua wembe na kupanua mipasuko ya pini ili libane upya. Inasaidia siku ambayo bibi harusi ameshaingia ukumbini na huna la kufanya. Usiifanye kuwa matengenezo.

Chaja nyingi za kisasa zinapima ukinzani wa ndani, na hapa kuna mbinu ambayo watu hawaitumii. Chaja hupima kila seli kupitia ile plagi ndogo nyeupe ya balansi, kisha betri nzima kupitia plagi kuu. Jumlisha seli. Jumla ikiwa miliomu 16 na betri nzima ikasomeka 24, zile 8 zilizozidi ziko njiani: kwenye plagi, kwenye solda au kwenye waya, pamoja na waya wa chaja yenyewe. Ijue tofauti hiyo kwa betri mpya, iandike ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na uilinganishe kila baada ya muda. Pima betri ikiwa na joto la chumba kila mara, kwani betri ya moto husoma chini na kukudanganya.

Hatua ya 3: Badilisha plagi bila kupiga shoti

Anza na kununua vizuri. XT60 bandia ziko nyingi, na nailoni yake huyeyuka kabla solda haijashika. Ya kweli ina chapa ya AMASS kwenye mwili. Nenda na kisumaku: pini hutengenezwa kwa shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu, kwa hiyo pini likivutwa kwa nguvu ndani yake kuna chuma, rudisha. Waya uwe wa silikoni, AWG 12 kwa droni ya nguvu, 14 kwa ndogo (AWG ni kipimo cha unene, na namba ikipungua waya unanenepa). Ukiuziwa waya wa spika, kata ncha utazame kwa makini. Ukiwa na ngozi ya shaba na moyo mweupe, ni alumini iliyovishwa shaba. Huo uache kwa spika.

Chuma cha kulehemia kiwe cha wati 60 au zaidi, chenye ncha pana, kwenye digrii 380 hadi 400. Vijana hutumia cha wati 25 kwa kuogopa kuunguza, halafu wanakikalisha pale muda mrefu hadi wanaunguza zaidi. Waya mnene hunyonya joto. Unataka kuingia kwa nguvu na kutoka haraka.

Betri haina swichi ya kuzima. Nyekundu na nyeusi zikigusana, au mkasi mmoja ukizikata zote mbili kwa pamoja, utaona mwanga na mkasi utabaki na pengo. Kwa hiyo kata waya mmoja tu, uvishe tepu nyeusi ya umeme, ndipo ukate wa pili. Afadhali zaidi: usiukate wa pili hadi wa kwanza umeshalehemewa na kufunikwa. Betri iwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, isiwe imejaa.

Chomeka plagi mpya kwenye mwenzake wa jinsia nyingine kabla ya kulehemu. Mwenzake atashikilia pini zikae wima nailoni ikilainika. Upande wa betri hukaa jike siku zote, kwa sababu jike limefichika ndani ya plastiki na haliwezi kugusana na funguo zako mfukoni. Vua koti la waya milimita 5 hivi, paka rosini, ulishe solda hadi iingie katikati ya nyuzi. Jaza kikombe cha pini solda nusu. Telezesha mpira wa kusinyaa kwenye waya sasa, maana baadaye utajikuta umelehemu na mpira uko mezani. Kisha kutanisha viwili hivyo kwa chuma, sekunde tatu au nne, ondoa chuma, usitikise. Solda nzuri ya bati na risasi inang'aa na kushuka kama imelowa. Ikiwa na vidonge na rangi ya majivu, rudia. Vuta waya kwa nguvu. Ukiachia, afadhali uachie mezani. Sogeza mpira, upige moto usinyae, rudia waya wa pili. Nyekundu kwenye alama ya kujumlisha. Imechongwa kwenye plastiki, isome mara mbili.

Kabla ya kuchomeka betri kwenye droni uliyoigusa, ondoa rafadha zote. Kisha tengeneza kizuizi: balbu ya breki ya gari, volti 12 wati 21, inayopatikana Kirinyaga Road kwa bei ya chai, uiunge katikati ya waya mwekundu kati ya betri na droni. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita, vile vihifadhi umeme vya droni, zimejaa na mambo yako sawa. Ikiwaka na kubaki inawaka, kuna shoti mahali, na balbu imekuokolea ubao wa droni. Kwa betri ya seli 6 tumia ya lori, ya volti 24.

Ule mlio wa "tak" unapochomeka betri kubwa hausababishwi na hitilafu. Ni kapasita za droni zinazojijaza kwa mkupuo mmoja. Lakini kila cheche hung'oa chembe ya dhahabu kwenye ncha ya pini, na baada ya miezi umerudi kwenye vile vidoa vyeusi. Kwa seli 6 na zaidi nunua XT90-S, ambayo ina kizuizi ndani kinachojaza kapasita polepole kabla pini halijagusa kikamilifu. Kwa ndogo, chomeka mara moja kwa uthabiti, bila kusitasita katikati.

Betri za kubofya ndani

Hizi hazina plagi ya kulehemu, lakini zina vibao vya chuma vinavyogusana, na kosa ni lilelile kwa umbo jingine. Mwaka 2016 GoPro iliita irudishwe droni yake ya Karma, karibu 2,500 zilizokwisha kuuzwa, kwa sababu baadhi zilizimika zikiwa angani. Seli hazikuwa na neno. Kilichopatikana na kasoro ni kitasa kinachoshikilia betri mahali pake, na droni hiyo ilirudi sokoni 2017 ikiwa na kitasa kipya.

Kwa hiyo sikiliza mlio wa vitasa, vyote, si kimoja. Vuta betri baada ya kubofya. Betri iliyoanza kuvimba haikai vizuri kwenye nafasi yake, na hiyo peke yake inatosha kuistaafisha hata kama bado inaonyesha asilimia 100. Vumbi jekundu la barabara za huko Kitengela na Kajiado linaingia kwenye vibao. Lisafishe kwa brashi laini kavu, kisha pamba yenye spiriti ya isopropili. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa huweza kuwa na mafuta na kuacha utando. Msasa usiuguse kamwe, utaondoa dhahabu iliyobaki.

Ukiikuta betri ya aina hii ina joto kidogo begini bila kutumika, usiogope. Nyingi hujipunguza chaji zenyewe zikikaa siku kadhaa zikiwa zimejaa.

Hatua ya 4: Kuchaji katika nyumba yenye mlango mmoja

Betri iliyotoka angani ipumzike nusu saa, hadi ukiishika usihisi joto. Usiitie kwenye friji. Unyevu utakaokusanyika juu yake ni balaa jingine. Usiiache kwenye dashibodi au buti ya gari lililoegeshwa juani kuanzia ibada hadi mlo, na kwenye matatu usiweke begi juu ya injini.

Chaji kwa 1C: betri ya mAh 1500 kwa amperi 1.5, ya 5000 kwa amperi 5. Ikomee volti 4.20 kwa seli, na balansi iwe imechomekwa. Waya wa chaja wenye ncha za ndizi uingize kwenye chaja kwanza, ndipo uunge betri. Ukitanguliza betri, zile ncha mbili zilizo wazi zina umeme, na zitatafutana. Kwenye kuchomoa, betri ndiyo inatoka kwanza. Ukichaji betri kadhaa kwa pamoja kwenye ubao mmoja wa kuchajia, ziwe na idadi sawa ya seli, na volti zisipishane zaidi ya 0.1 kwa seli. La sivyo, iliyojaa itamwaga mkondo kwenye iliyoisha, na plagi ndiyo itakayolipa.

Halafu suala la nyumba. Wengi tunaishi kwenye bedsitter: mlango mmoja, dirisha lenye grili. Ekstensheni huwa karibu na mlango, na betri huchajiwa hapo hapo. Ikiwaka, moto umekaa katikati yako na njia ya kutokea. Hamishia chaji upande wa mbali na mlango, juu ya kigae au saruji, mbali na pazia, mtungi wa gesi na godoro. Chungu cha udongo cha maua, vile vinavyouzwa kando ya barabara, ni mahali pazuri pa kukalisha betri; ukikifunika, kifuniko kiwe kimelala tu, gesi ipate pa kutokea. Stima ikipotea chomoa, usiache chaja ijiamulie umeme ukirudi. Na usilale ikiwa inachaji. Usiku ukiingia kabla haijajaa, irudishe volti 3.8 kwa seli na uiache hadi kesho; hata kuitunza ni kwa volti hizo.

Ikianza kutoa moshi

Inavimba, inafoka, kisha inawaka. Yote hayo yanaweza kuwa ndani ya sekunde chache. Zima swichi ya ukutani kama unaifikia bila kupita juu yake. Toa watu, fungua milango, usivute moshi ule, una gesi yenye asidi inayounguza mapafu. Maji mengi yanafaa, kwa sababu kazi yake ni kupoza seli jirani zisifuate. Mchanga huzuia miali isirukie pazia, lakini haupozi. Ukizidiwa, toka upige 999 au 112, na waambie ni betri ya lithiamu.

Zilizokufa, na za safari

Betri iliyochoka lakini haijatoboka imalizie kwa ileile balbu ya breki, nje, juu ya saruji, hadi isomeke sifuri. Maji ya chumvi hayategemeki: hula vibao vya nje na kuacha umeme ndani. Usiitupe kwenye takataka za ploti, kwani zinaishia Dandora mikononi mwa watu wanaochambua bila glavu. WEEE Centre, upande wa Embakasi, wanapokea taka za kielektroniki. Iliyotoboka isiguswe na balbu. Ikae nje kwenye ndoo ya mchanga mpaka ipelekwe.

Ukipanda ndege kwenda Lamu au Kisumu, betri za akiba ni za mkononi, si za mzigo wa chini. Zidisha volti kwa amperi-saa: 14.8 kwa 1.5 ni wati-saa (Wh) 22, hakuna swali. 22.2 kwa 5 ni Wh 111, na juu ya 100 unahitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari, zisizozidi mbili. Juu ya 160 haziingii na abiria. Ziba kila plagi kwa tepu au kifuniko chake, kila betri kwenye mfuko wake, volti ziwe za kutunzia, na ile hesabu ya Wh iandike juu ya tepu ili mkaguzi aisome bila kukuuliza.